Mchungaji Naye Hupima

Mwandishi aliyedai kwamba fimbo ya gofu huchaguliwa kwa mkono tu, kama Mgogo anavyochagua fimbo ya kuchungia, ameuchukua mfano mzuri akausoma nusu. Mtazame mchungaji wa Bahi au Chamwino akikata fimbo yake: anaisimamisha ubavuni, anapunguza ncha, anaizungusha hewani, anapunguza tena. Hapo anapima, na kipimo chake ni mwili wake mwenyewe.

Mcheza gofu hana bahati hiyo. Fimbo yake imetengenezwa kiwandani kwa kimo cha mtu asiyemjua, na mara nyingi ni ya mtumba. Mkono utamwambia kama ni nzito au nyepesi. Hautamwambia kichwa kinagusaje ardhi.

Mimi nilicheza miaka mitatu na chuma namba 7 nilichokipenda sana mkononi, na mipira ikaenda kulia. Nikajilaumu mimi, mabega yangu, hata pumzi zangu. Siku moja fundi akabandika utepe chini ya kichwa cha fimbo, akaniambia nipige juu ya ubao. Utepe ulichubuka upande wa ncha ya kichwa tu. Kisigino hakikugusa kabisa. Akakikunja chuma nyuzi 2. Mpira ukanyooka.

Nakubali jambo moja: kati ya fimbo mbili zilizokwisha kupimwa, mkono ndio uamue. Lakini kwanza zipimwe: sheria ya gofu inaruhusu fimbo 14 mkobani, na hakuna mshahara wa Dodoma unaostahimili kukosea 14.