Mbawakawa Mweusi Atemaye Asidi

Katika mashamba ya mikorosho yaliyo karibu na bahari, kuanzia mlango wa Mto Ruvuma kushuka Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, mvua zinapoilainisha ardhi hutokea mdudu mkubwa mweusi, mwenye miguu mirefu, akikimbia juu ya mchanga kama mjumbe aliyetumwa kwa haraka. Watoto ndio humwona kwanza. Huinama wamtazame, mmoja wao humchokoza kwa kijiti, na mara hupiga yowe akiwa ameshika jicho. Mdudu hakumwuma wala hakumrukia. Amemrushia maji makali kutoka nyuma ya mwili wake, kisha amekwenda zake.

Katika sehemu hizo za Afrika mdudu wa namna hiyo huwa ni mmoja wa mbawakawa wakubwa wa ardhini, na miongoni mwao yumo yule ambaye wataalamu humwita Anthia fornasinii. Yafaa kila nyumba imfahamu kwa umbo, kwa makao na kwa ukoo, kwa kuwa anayemfahamu hana sababu ya kumwogopa wala ya kumwua, lakini asiyemfahamu aweza kuumia jicho vibaya kwa mchezo wa dakika moja.

UMBO LAKE

Urefu wa mbawakawa huyu hufikia sentimita 4 hadi 5, yaani karibu na urefu wa njiti ya kiberiti. Mwili wake ni mweusi, nao ukingo wa mgongo umezungukwa na utepe wa manyoya mafupi yenye weupe au umanjano hafifu. Kichwa chake kimeelekea mbele, na kina taya mbili zilizopinda kama mundu. Taya za dume huwa kubwa kuliko za jike.

Kama mbawakawa wote, mabawa yake ya juu yamegeuka kuwa magamba magumu yanayofunika mgongo. Kwa wengi wa jamaa zake magamba hayo hufunguka ili mabawa laini ya chini yatoke na kuruka. Yeye hawezi kuruka kabisa. Riziki yake na usalama wake vyote vinategemea miguu yake sita, na kwa ajili hiyo miguu hiyo ni mirefu na yenye nguvu.

UKOO WAKE

Katika mazungumzo ya kila siku neno mende hubeba mizigo mingi. Mende wa jikoni huitwa hivyo, na mara nyingi mbawakawa naye huitwa hivyohivyo. Lakini wadudu hao wako mbali kwa nasaba. Mende wa jikoni ana mabawa membamba yanayolaliana kama kurasa, na mtoto wake huzaliwa akifanana na mama, ila hana mabawa. Magamba ya mbawakawa hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka, na mtoto wake huanza kama buu, hujifunga kwa muda asile kitu, ndipo atoke akiwa mtu mzima.

Mbawakawa wote wamo katika oda iitwayo Coleoptera, yenye spishi zipatazo 400,000 zilizokwisha kupewa majina. Ndani ya oda hiyo imo familia ya mbawakawa wa ardhini, Carabidae, yenye spishi zipatazo 40,000. Alama zake zaweza kuonekana bila darubini kubwa: vipapasio vyembamba kama uzi, vyenye pingili 11, vilivyoota kati ya jicho na taya, na nyayo zenye pingili tano katika kila mguu. Mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe ni mbawakawa pia, lakini ncha za vipapasio vyake zimepanuka kama vijani. Yeye ni wa familia nyingine.

Jenasi Anthia iliwekwa na Weber mwaka 1801. Jina la pili, fornasinii, lina historia ya nchi yenyewe. Carlo Antonio Fornasini alikuwa Mtaliano, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeishi Inhambane, kusini mwa Msumbiji. Alikuwa akikusanya mimea na wanyama na kuwapeleka kwao Bologna, ambako Giuseppe Bertoloni aliwaandika wadudu. Mbawakawa huyu alipewa jina lake mwaka 1845. Miaka michache baadaye, mwaka 1849, mtaalamu mwingine alimpa chura mmoja wa pwani jina la mfanyabiashara huyohuyo. Katika miaka hiyo ya 1840 Mjerumani Wilhelm Peters naye alizunguka Msumbiji akikusanya viumbe, akafika hata visiwa vya Ibo na Querimba, na kitabu cha wadudu wa safari yake kikatoka mwaka 1862. Tangu hapo mbawakawa wa Msumbiji wamo katika makabati ya majumba ya makumbusho ya Ulaya, hali wenyeji wengi hawajapata kuambiwa majina yao.

SILAHA YAKE

Mwishoni mwa tumbo la mbawakawa huyu mna tezi mbili, kila moja ikiwa na kifuko chake. Akibanwa au akichokozwa, misuli huvikamua vifuko na maji hurushwa kumwelekea adui. Kiini cha maji hayo ni asidi ya fomiki, ileile inayorushwa na majimoto wa miembe na mikorosho. Mkulima aliyewahi kupanda mkorosho wenye majimoto anaujua mwasho wake. Lakini mbawakawa huyu ni mkubwa mara nyingi kuliko chungu, na shehena yake ni kubwa kwa kadiri hiyo. Hufika kwa urahisi kwenye uso wa mtu aliyeinama.

Katika familia hiyo yumo mwenye silaha ya ajabu zaidi, mbawakawa mdogo wa jenasi Pheropsophus, mara nyingi mwenye rangi za manjano na nyeusi. Huyo huhifadhi kemikali mbili katika chumba kimoja cha mwili. Akishambuliwa huzipitisha katika chumba cha pili, zikachemka hadi nyuzi 100 za Sentigredi na kufyatuka kwa mlio. Kwa kweli ana mzinga wake mwenyewe.

Sifa ya Anthia imewafikia hata wanyama wengine. Mwaka 1977 wataalamu Huey na Pianka walieleza habari za mjusi wa jangwa la Kalahari ambaye, akiwa mdogo, huwa mweusi mwenye alama nyeupe, na hutembea amekunja mgongo kwa hatua ngumu kama mbawakawa. Maadui hudhani ni mtema asidi, wakamwacha. Akikua huacha rangi hiyo na mwendo huo.

ASIDI IKIINGIA JICHONI

Askari aliye lindoni hulala kifudifudi, uso wake ukiwa karibu na ardhi. Aidha, tangu mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, familia nyingi za Cabo Delgado zimelazimika kuhama na kulala chini, katika vibanda na mahema. Kwao maneno haya si ya kupitisha wakati.

Maji ya mdudu yakiingia jichoni, usilisugue. Fungua kope kwa vidole na umimine maji safi mengi papo hapo, kwa muda usiopungua dakika 15. Usitie majivu, maji ya majani, magadi wala maziwa ya mama. Kisha nenda kituo cha afya, hata kama maumivu yamepungua. Ngozi nayo ioshwe kwa maji mengi. Watoto wafundishwe kutomshika mbawakawa mkubwa kwa mkono na kutomwinamia.

Asichanganywe na mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, asiyefikia urefu wa kucha, aitwaye nzi wa Nairobi ingawa si nzi. Yule ni mbawakawa wa familia nyingine, harushi kitu. Sumu yake imo katika damu, na huunguza ngozi anaposagwa. Akitua mwilini apulizwe aende, asipigwe kofi.

MAKAO YAKE

Anthia hupenda ardhi kavu yenye mchanga, vichaka na nafasi za kukimbilia. Huwinda viwavi, mchwa na wadudu wengine, na kwa hiyo ni mlinzi wa shamba asiyelipwa mshahara. Kandokando ya pwani hiyo bado kuna vipande vya msitu mkavu, kama vile vya Quiterajo, Pundanhar na Nhica do Rovuma. Wataalamu wa mimea waliovipita mwaka 2008 na 2009 walikuta humo mimea ambayo haikuwa imepata kuandikwa popote.

Msitu ukichomwa ili kupanua shamba, ndege huruka, paa hukimbia, na wadudu wenye mabawa huhamia upande wa pili. Mbawakawa huyu hana mabawa ya kumvusha. Mahali alipotoweka, atarudi kwa miguu yake tu, ikiwa ipo njia ya kupitia. Basi anayelima na aache ukanda wa vichaka kandoni mwa shamba lake. Anayemkuta njiani ampishe hatua mbili, naye atapita bila kumdhuru mtu.