Aliyeunda Mashine ya Kamari Naye Alichezewa Kamari

Ipo imani iliyoenea kwamba katika kamari hakuna ashindwaye isipokuwa mchezaji. Mwenye mashine, tunaambiwa, hula daima. Imani hiyo ina ukweli wake. Katika jimbo la Nevada, Marekani, ambako kamari iliruhusiwa kisheria mwaka 1931, sheria huitaka mashine iwarudishie wachezaji angalau asilimia 75 ya fedha zinazochezwa. Zinazobaki ni za mwenye nyumba, na hesabu hiyo imekwisha fungwa ndani ya mashine kabla mchezaji hajaketi. Lakini lipo kundi jingine ambalo hakuna anayelikumbuka: wahandisi, mafundi, wachoraji, makarani na wapakiaji wanaoziunda mashine zenyewe. Hao, kampuni inapoanza kushuka, hugundua kwamba nao walikuwa mezani siku zote, na kwamba waliokuwa wakizirusha kete ni wengine.

Tuchukue mfano wa kampuni ya International Game Technology, maarufu kwa jina la IGT, iliyokulia katika mji wa Reno. Mwanzilishi wake, Si Redd, alikuwa mfanyabiashara hodari wa mashine hizo, na mwaka 1981 kampuni ikaanza kuuza hisa zake kwa umma. Mwaka 1986 ilianzisha mchezo uitwao Megabucks, ambao uliziunganisha mashine za kasino mbalimbali za Nevada zichangie donge moja la zawadi. Mwaka 2003 mchezaji mmoja mjini Las Vegas alijinyakulia zaidi ya dola milioni 39 katika mchezo huo. Katika miaka hiyo hiyo kasino ziliacha sarafu na kuanza kutumia tiketi za karatasi, ikabidi mashine za zamani zibadilishwe kwa wingi. Maagizo yakamiminika, na kufanya kazi IGT kukawa ni heshima mjini.

Kumbe neema ile ilikuwa ya msimu mmoja. Nyumba ikishaezekwa bati jipya, muuza bati harudi kesho yake kuuza jingine. Kasino zilipokwisha kubadilisha mashine zao, zilitulia nazo. Ukaja msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, na hisa iliyouzwa kwa zaidi ya dola 40 mwaka 2007 ikaanguka chini ya dola 10 mwanzoni mwa mwaka 2009.

Hapo ndipo msomaji anapotakiwa kufungua macho. Watetezi wa wakubwa husema kwamba soko ndilo liliamua, na kwamba soko halina mjomba wala shangazi. Hebu tuziangalie tarehe. Mwezi Januari 2012 kampuni ilikubali kuinunua kampuni ya michezo ya kasino ya mtandaoni, DoubleDown, kwa bei iliyoweza kufikia dola milioni 500. Mwezi Juni mwaka huo huo, bodi ya wakurugenzi iliidhinisha dola bilioni moja zitumike kuzinunua tena hisa za kampuni yenyewe, jambo ambalo kazi yake kubwa ni kuipandisha bei ya hisa na kuwafurahisha wenye nazo. Mwaka 2014 kampuni ile ile ikatangaza kwamba mapato yamepungua na kwamba haina budi kuwapunguza kazini wafanyakazi wake kiasi cha asilimia 7. Je, soko ndilo lililotia sahihi zile karatasi za mwaka 2012? Zilitiwa sahihi na watu, chumbani, na fundi wa karakana hakuitwa katika chumba hicho.

Yaliyofuata yalikuwa ya kutazamiwa. Mwezi Julai 2014 kampuni ilikubali kununuliwa na GTECH ya Italia kwa mapatano yenye thamani ya dola bilioni 6.4 pamoja na madeni, na mwaka 2015 makao makuu yakahamia London. Mwaka 2025 sehemu ya mashine ilitengwa tena, ikauzwa kwa mfuko wa mitaji wa Apollo na kuunganishwa na kampuni nyingine iitwayo Everi. Mtu aliyeajiriwa Reno zamani na kubaki kazini mpaka leo amekwisha badilishiwa bwana mara mbili bila yeye kuhama kiti.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimwuliza mfanyakazi wa kampuni yoyote inayoporomoka, hataanza na bei ya hisa. Atakueleza kwamba kazi za wenzake walioondoka zimegawanywa kwa waliobaki, na mshahara ni ule ule. Atakueleza juu ya wakurugenzi wanaokuja na mpango mpya kabla mpango wa zamani haujajaribiwa. Atakueleza kwamba kila hesabu za miezi mitatu zinapokaribia, watu hunyamaza mezani wakitazamana nani atafuata. Na mara nyingi, jambo la kusikitisha, atakueleza kwamba aliipenda kazi yake. Maneno hayo huitwa manung'uniko na wakubwa. Kwa kweli ni taarifa ya ukaguzi, tena iliyotolewa bure, na hutangulia miaka kadhaa kabla ya ile ya wakaguzi wa mahesabu.

Wapo watakaonijibu kwa hasira kwamba watu hao wamestahili yaliyowapata, maana riziki yao ilitoka katika mfuko wa maskini. Mimi si mpenzi wa kamari, na sitaki kumtakasa mtu yeyote. Fundi ajuaye kazi ya mashine anayoiunda hawezi kudai kwamba mikono yake ni mieupe kabisa. Lakini hukumu hiyo inawaangukia walio chini tu. Mwenye mtaji akiona biashara imechuja, huuza hisa na kwenda kupanda penginepo, wala haulizwi alikotoka. Fundi hubaki na nyumba ya mkopo na watoto shuleni, katika mji uliokuwa na waajiri wachache wa ujuzi wake.

Isitoshe, fundi huyo ndiye shahidi bora kuliko wote juu ya madhara ya mashine yenyewe. Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipewa hataza ya mtambo ambao kompyuta huchagua namba kati ya nyingi sana, wakati magurudumu anayoyaona mchezaji yana picha chache. Jicho linahesabu picha, kompyuta inahesabu namba, na mchezaji huamini kwamba ushindi umemponyoka kwa nukta moja tu. Nani awezaye kuyaeleza hayo mbele ya watunga sheria kuliko aliyezipanga namba hizo? Shahidi kama huyo tukimsikiliza tutapata sheria bora, tukimzomea atanyamaza.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Mwezi Septemba 2019 kampuni ya SportPesa ilisimamisha shughuli zake nchini Kenya kutokana na mgogoro na Serikali juu ya kodi na leseni. Magazeti yalijaa habari za kodi na za timu za mpira zilizopoteza wafadhili. Wafanyakazi waliopoteza ajira hawakupewa hata robo ya nafasi hiyo.

Kwa hiyo maafisa wa Serikali wanaotoa leseni wasitosheke na kuuliza kampuni italipa kodi kiasi gani. Waulize pia ina deni kiasi gani, na wafanyakazi wamewekewa nini siku milango itakapofungwa. Na jibu la swali hilo la pili walitafute kwa wafanyakazi wenyewe, bila ya meneja kuwapo. Nao walimu, ambao wanafunzi wao huzipita mashine hizo kila siku waendapo shuleni, wawafundishe hesabu ya ile asilimia 75: shilingi 1,000 zikichezwa na kurudiwa mara 5 kwa kiwango hicho hubaki takriban shilingi 237. Mtoto akiifanya hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, ataielewa mashine kuliko wengi wanaoikalia usiku kucha.