Anayeomba subira ataje tarehe

"Vuta subira, mzee wangu, faili lako linashughulikiwa." Karani huyasema kwa upole, pengine baada ya kumpa mzee kiti. Mzee anarudisha kopi zake kwenye bahasha ya kaki, anashukuru, anaondoka. Nauli ya kurudi tena atajua mwenyewe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, waliokuwa watumishi wake wa reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege walibaki wakidai mafao yao. Mwaka 1984 Kenya, Uganda na Tanzania zikasaini makubaliano ya kugawana mali na madeni. Mwaka 1999 zikasaini, Arusha, mkataba wa kuunda Jumuiya mpya. Wastaafu wa Tanzania walikuwa bado wanafuatilia. Walikwenda mahakamani, wakaandamana Dar es Salaam na uzee wao, na wapo waliozikwa kabla ya kulipwa. Kijana aliyeajiriwa reli mwaka 1970 akiwa na miaka 25, mkataba huo wa Arusha ulimkuta na miaka 54.

Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mvumilivu hula mbivu ni dharau. Waswahili hao hao walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo, ila methali hiyo wakubwa wa ofisi hawaikumbuki.

Subira ina mahali pake. Mwenye shamba la mikarafuu kule Pemba hungoja miaka kadhaa kabla ya mche kuzaa, wala halalamiki, kwa sababu kila akipita shambani anauona unavyokua. Anayefuatilia mafao haoni kitu. Hajui faili liko meza ya nani, wala limekwama kwa kukosa karatasi gani.

Tena kunyamaza si sharti la subira. Ayubu, ambaye hatajwi msibani ila kwa uvumilivu wake, katika Biblia analalamika na kuhoji sura baada ya sura.

Taasisi nyingi za umma Tanzania zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, unaoeleza huduma fulani itolewe ndani ya muda gani. Mwananchi akiuulizia muda huo asiitwe mkorofi. Apewe tarehe kwa maandishi, na tarehe hiyo ikipita bila jibu, aelekezwe moja kwa moja kwa bosi wa aliyemwahidi.