Meneja si kocha, tusichanganye mafaili
Jumapili hapa Manyoni timu moja ya mtaani ilipigwa 3-0, mashabiki wakamvaa meneja: "Wewe ndo umepanga kikosi kibovu!" Masikini, jamaa hakupanga hata beki mmoja. Kazi yake ilikuwa kutafuta usafiri, maji na jezi, na kutunza leseni za wachezaji.

Mkanganyiko huu tumeutoa kwenye TV. Uingereza meneja ndiye bosi wa benchi. Alex Ferguson aliitwa hivyo pale Manchester United kuanzia 1986 hadi 2013, na kikosi alipanga yeye. Hata wenyewe wanatofautisha: Arsenal ilimchukua Mikel Arteta Desemba 2019 kama kocha mkuu, Septemba 2020 ikampandisha kuwa meneja, akawa na sauti zaidi kwenye usajili.

Kwetu meneja wa timu ni mratibu, ufundi ni wa kocha. Tukichanganya, lawama zinamwangukia asiyehusika na mwenye makosa anaondoka kimya kimya. Viongozi, andikeni majukumu ya kila mtu kabla ligi haijaanza. Na sisi mashabiki, tukifungwa tumuulize kocha. Meneja tumuulize kwa nini basi lilichelewa.