Gemu ni ya bure, makato ni ya mama

Jumamosi jioni mtoto wa darasa la tano anaomba simu. "Mama, nicheze kidogo tu, ni gemu ya bure." Mama yuko jikoni, mikono imejaa unga wa chapati, anampa. Nusu saa baadaye unaingia ujumbe wa makato, kisha wa pili, kisha wa tatu. Hela iliyowekwa kwa ajili ya gari la shule imepungua. Mtoto akiulizwa, machozi yanamtoka: "Sijanunua kitu mama, nilibonyeza tu nipate almasi."

Nyumba nyingi zinakijua kisa cha namna hii, na kwa kawaida kinaishia kwa mtoto kuitwa mwizi. Kabla ya kufika huko, mzazi afahamu kwamba mtoto huenda anasema kweli. Kwa akili yake, hakununua. Gemu imetengenezwa na watu wazima wenye mishahara mizuri ili asione kwamba ananunua.

Zamani hesabu ilikuwa rahisi: mtu alinunua kaseti au diski dukani, akalipa mara moja, akacheza mpaka akachoka. Mambo yalianza kubadilika taratibu. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa gemu ya Oblivion vazi la kivita la farasi, la farasi wa kwenye kioo, kwa dola 2.50. Watu walicheka sana. Lakini wapo walionunua, na anayefanya biashara haangalii kicheko, anaangalia mauzo. Leo gemu nyingi zinazopendwa na watoto, kama Free Fire, Fortnite, Roblox na eFootball, zinapakuliwa bila kulipa hata senti. Hela inatengenezwa ndani. Wachezaji wengi hawalipi chochote, na wachache wanaolipa sana ndio wanaobeba biashara nzima. Hao wachache wenye kampuni huwaita nyangumi.

Hila ya kwanza ni sarafu. Ndani ya gemu hakuna shilingi wala dola. Kuna almasi kwenye Free Fire, Robux kwenye Roblox, V-Bucks kwenye Fortnite. Mzazi akilipa, fedha inageuka almasi, na kuanzia hapo mtoto anatumia almasi, hatumii hela ya mama. Hata mtu mzima akiambiwa kitu ni "mia tatu tu" za aina hiyo, inabidi akae chini apige hesabu. Tena vifurushi havilingani na bei za vitu. Kwa miaka mingi kifurushi kidogo cha V-Bucks kilikuwa cha 1,000, huku mavazi mengi yakiuzwa 1,200. Ukinunua kimoja hakitoshi, ukinunua viwili inabaki chenji ambayo huwezi kurudishiwa, na chenji hiyo inamwita mtoto arudi.

Ya pili ni haraka. Duka la Fortnite hubadilisha bidhaa kila siku, saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Vazi lililopo leo kesho huenda halipo. Ya tatu ni aibu, na hii wazazi wengi hawaijui. Oktoba 2019 Kamishna wa Watoto wa Uingereza alitoa ripoti kuhusu gemu, ikieleza jinsi watoto wanaovaa vazi la bure kwenye Fortnite wanavyochekwa na wenzao. Anayeombea vazi la mhusika wake anaweza kuwa anaomba asitengwe shuleni. Si tofauti sana na viatu.

Kisha yapo masanduku na mizunguko ya bahati. Hapa ndipo penye hatari zaidi. Mtoto halipii kitu anachokiona, analipia nafasi ya kukipata. Kwenye FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, vinauzwa vifurushi vya wachezaji: unaweza kumpata nyota, na mara nyingi unapata mchezaji wa akiba wa timu usiyoijua. Free Fire ina sehemu ya kuzungusha bahati, na taa, muziki na shangwe vinafanana mno na mashine za kamari za mtaani. Ubelgiji ililitazama jambo hili mwaka 2018, tume yake ya michezo ya kubahatisha ikasema ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza sarafu za FIFA nchini humo. Uholanzi ilijaribu kufuata njia hiyo, lakini 2022 mahakama ikaifuta faini iliyotozwa EA. Wanasheria waendelee kubishana. Mzazi anayemkataza mwanawe asisogelee mashine za kamari hahitaji hukumu ya mahakama kujua afanye nini na hizi.

Na yule mtoto anayelia kwamba "nilibonyeza tu"? Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kurudishia wateja. Tume ilidai vitufe vilipangwa kwa namna ya kuchanganya, kiasi kwamba mtu aliweza kukatwa fedha akiwa anaiamsha gemu iliyolala, au akitaka tu kuangalia kitu kwa karibu. Ilidai pia kwamba hadi 2018 watoto waliweza kununua V-Bucks bila mzazi kuidhinisha, na kwamba waliopinga makato kwenye kampuni za kadi walifungiwa akaunti.

Kwenye simu ya nyumbani, kazi ni ya dakika tano. Nchini Kenya M-Pesa ni mojawapo ya njia za kulipia Google Play, na ikishaunganishwa mara moja inabaki pale. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye mipangilio, tafuta uthibitishaji wa manunuzi, uchague udaiwe neno la siri kila mara. Siyo kila baada ya nusu saa, maana nusu saa kwa mtoto ni muda mrefu. Kama njia ya malipo haitumiki, iondoe kabisa. Kama ana simu yake, programu ya Family Link ya Google inamlazimu kuomba ruhusa kwako kabla ya kununua. Alama ya kidole cha mtoto isiwemo kwenye simu ya mzazi. Na kama makato yameshatokea, usingoje mwisho wa mwezi: omba kurudishiwa kwa Google ndani ya saa 48.

Baada ya hapo, kaa na mtoto akuoneshe hilo duka la ndani ya gemu. Muulize almasi mia ni shilingi ngapi. Mpe kalamu na karatasi, apige hesabu mwenyewe, halafu akuambie ni nauli ya gari la shule ya siku ngapi.