Si laptopu yako, ni njia ya sauti

Wewe prodyuza wa bedsita pale Nyalenda ama Dunga, hebu tuambiane ukweli. Biti ikitoka vibaya, besi imemeza kila kitu, lawama ya kwanza ni ya laptopu. Ya pili ni ya spika. Halafu unaanza kudunduliza pesa za mashine mpya, na hii uliyo nayo hujawahi kuijua. Msimamo wangu ni huu: wengi wetu hatuhitaji mashine mpya. Tunahitaji kujua sauti inapita wapi, kutoka kwa ala hadi kwa spika. Mimi chuo sikumaliza na haya sikufunzwa darasani, kwa hivyo usiniambie ni mambo ya wasomi.

Tuifuate njia yenyewe. Ukibonyeza kibodi ya MIDI, hakuna sauti inayotoka hapo. Kinachotoka ni maagizo tu: noti gani, imebonyezwa kwa nguvu gani, imeachiliwa lini. Maagizo yanaingia kwa plagini, ile ala ya ndani ya kompyuta, nayo ndiyo inaunda sauti. Sauti inaenda kwa chaneli ya miksa, kisha Master, kisha draiva, ndipo ikufikie masikioni. Kukiwa kimya, kagua kituo kimoja baada ya kingine. Maagizo yanaingia lakini miksa haichezi? Anza na plagini. Miksa inacheza lakini hedifoni kimya? Angalia draiva. Mara nyingi utajua shida iko wapi kabla ya kumpigia fundi simu.

Sasa penye kasoro kubwa. Kwa FL Studio, ala usiyoipangia chaneli yake huenda moja kwa moja kwa Master. Besi, ngoma na gitaa zote zinapita mlango mmoja. Ukijaribu kusafisha besi pale Master, unamkwaruza na mwimbaji. Nenda ufuo wa Dunga mashua zikirudi asubuhi. Mbuta kando, ngege kando, omena kwake anaanikwa. Hakuna anayemwaga vyote beseni moja halafu amwambie mnunuzi ajichagulie. Mbona muziki tunaufanyia hivyo?

Chukua nyatiti. Ina nyuzi 8, lakini mpigaji hatoi sauti ya nyuzi pekee. Kidoleni mguuni ana pete ya chuma anayogongea ubao wa ala, na mguu huo una njuga, zile gara. Juu ya hayo anaimba. Mtu mmoja, sauti nne. Ukirekodi sampuli za nyatiti, kwa ruhusa na malipo ya mpigaji, usizifinye pamoja. Nyuzi zipe chaneli yake, pete yake, gara yake. Plagini nyingi za ngoma na sampuli zina milango kadhaa ya kutolea sauti. Kwa FL Studio, fungua mipangilio ya plagini, ingia Processing, bonyeza Auto map outputs, kisha ndani ya plagini yenyewe chagua kila sauti itokee mlango gani. Hapo unaweza kuinua gara bila kugusa nyuzi.

Kuna pia kuchelewa. Unabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye, na gitaa la benga la haraka haraka haliwezekani. Hiyo mara nyingi ni bafa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 peke yake inakula takriban milisekunde 23. Ya 128 inakula kama 3. Wakati wa kurekodi ishushe, wakati wa kumiksi ipandishe ili prosesa ipumue. Kwa Windows, ASIO4ALL ni draiva ya bure inayosaidia sana hapo. Na kama sauti iko kwa programu nyingine kabisa, VB-Cable inakuwekea waya usioonekana: programu ya kwanza itolee sauti humo, ya pili ipokee kutoka humo. Watu wa Linux wana JACK.

Najua utasema, "Omera, wimbo ukibamba umebamba, nani anauliza chaneli?" Msikilizaji haulizi. Mteja anauliza. Tuseme mtu wa tangazo amependa biti yako na anataka ile ile bila sauti ya mwimbaji, ngoma zikiwa chini mtu anapoongea. Una faili moja ya MP3, na mradi wenyewe ulipotea na laptopu ya zamani. Hiyo kazi imeenda.

Na kazi za aina hiyo zipo. Ayub Ogada, aliyefariki 2019, alitoa albamu ya En Mana Kuoyo mwaka 1993, nyatiti ikiwa mbele. Mwaka 2005 wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener. Sauti ya huku kwetu inatakikana huko nje, ila lazima uwe na kitu cha kumkabidhi anayeitaka.

Basi kabla ya kukopa pesa za laptopu, fungua mradi mmoja wa zamani leo usiku stima ikiwepo. Kila ala ipe chaneli yake na jina lake, si "Insert 7". Ukitoa WAV, weka alama kwa Split mixer tracks, upate kila chaneli kama faili yake. Hifadhi nakala mbili, moja nje ya kompyuta. Ukimaliza hapo na biti bado inasumbua, sawa, tuongee mambo ya mashine mpya.