Fasili ya Ujifunzaji Mtandaoni: Chombo au Kazi?

Istilahi "ujifunzaji mtandaoni" hutumiwa kana kwamba fasili yake imekwisha kukubaliwa. Kwa wengi ni ufundishaji unaomfikia mwanafunzi kwa intaneti badala ya darasani. Fasili hiyo inataja chombo, wala haisemi lolote juu ya ujifunzaji wenyewe. Ni ajabu kwamba kosa hilo linapita katika Kiswahili bila kuonekana, kwani kitenzi kujifunza kina kiambishi kirejeshi -ji-, kinachomfanya mwanafunzi kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Anayepokea tu hajajifunza. Amefunzwa, au pengine ametumiwa maandishi.

Suala hili si la maneno matupu. Vyuo vilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mihadhara mingi ilihamishiwa katika kompyuta na simu kama ilivyokuwa, nayo ikaitwa ujifunzaji mtandaoni. Chombo kilikuwa kipya. Uhusiano wa mhadhiri na msikilizaji ulibaki ule ule.

Mfano bora zaidi ni wa zamani, na haukuhitaji intaneti. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania katika vikundi vya kusikiliza redio. Baada ya kipindi, kikundi kilisoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya mahali pake. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Kampeni hiyo ilisimamiwa na serikali na chama, na si kila kitu chake kinafaa kuigwa. Hata hivyo, waliopanga masomo yale walielewa kwamba redio ni mwanzo tu wa somo, na kwamba sehemu kubwa yake hufanyika redio ikiwa imezimwa.

Kwa mtazamo huo, ujifunzaji mtandaoni ungefasiliwa kuwa ni ule ambao mtandao humwunganisha mwanafunzi na mwalimu, wenzake na kazi yake, hata analolisoma likajaribiwa pale anapoishi na matokeo yakarudi katika mjadala. Mwuguzi anayesomea shahada huku akiendelea na zamu Tunduru ana wagonjwa na ana maswali ambayo mwanafunzi wa bwenini hana. Kozi inayompa kurasa za kufungua na maswali ya kuchagua herufi humhesabu kuwa amehudhuria, lakini humtaka aiache kazi yake mlangoni. Kwa fasili ya chombo, chuo kimetimiza wajibu; yeye amelipa ada na vifurushi vya intaneti kwa kitu ambacho kingeweza kutumwa kwa posta.

Huenda ikadaiwa kwamba fasili hii inayafaa masomo ya ufundi na tiba tu. Dai hilo halina uzito. Mwanafunzi wa isimu aliyeko Kigoma amezungukwa na wasemaji wa Kiha, wakati mhadhiri wake aliyeko Dar es Salaam hana budi kusafiri ili awasikie. Kozi isiyomwagiza kurekodi hata sentensi moja sokoni imechagua kwa hiari kutoitumia faida hiyo.